Leon Hayumo, na Ndo Vizuri: Hasira za Resident Evil Mpya Zimelenga Pasipo Pake

Tangu ijulikane kwamba muvi mpya ya Resident Evil, ile gemu ya kutisha ya mazombi, hii ya dairekta Zach Cregger ambayo Sony wameipangia tarehe 18 Septemba 2026, haitamfuata Leon wala Jill wala Chris wala Claire, mashujaa wa hizo gemu, mashabiki wa gemu wamenuna kweli kweli. Mhusika mkuu ni mtu mpya kabisa, anachezwa na Austin Abrams, na hakuna aliyewahi kukutana naye kwenye gemu yoyote toka 1996. Maneno yanayozunguka ni yaleyale, kwamba Hollywood wameanza tena, kwamba dairekta haheshimu gemu, kwamba kama hutaki hata mmoja wa watu wake kwanini uiite Resident Evil, si ungetunga ya kwako ukaipa jina lako. Hasira naielewa. Hawa watu wameshapewa muvi saba za waigizaji wa kawaida na tamthilia moja ya Netflix iliyokatwa baada ya msimu mmoja tu mwaka 2022, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila mi naona safari hii ni ung'ongo kweli. Kumuacha Leon nje ndo uamuzi wa kiaminifu kuliko yote iliyowahi kufanywa na watu wa sinema juu ya hii gemu, na wanaolalamika wamechanganya jina la kitu na kitu chenyewe.

Turudi kwenye gemu ya kwanza kabisa. Kampuni ya Capcom ya Japani waliitoa 1996 kwenye PlayStation, kazi ikiongozwa na Shinji Mikami, na kule Japani inaitwa Biohazard. Hadithi yake ukiisimulia kwa mdomo ni nyepesi mno: kikosi maalum cha polisi kinakimbilia jumba la kifahari porini nje ya mji wa Raccoon City, kumbe ndani kampuni ya dawa inayoitwa Umbrella imekuwa ikipika virusi, watu wamegeuka mazombi, mmoja wa wakubwa wao ni msaliti. Basi. Sauti za waigizaji wake mpaka leo watu wanazichekea. Sasa kama hadithi ni ya kawaida na maigizo ni ya kuchekesha, kwanini watu walikuwa wanazima gemu saa nne usiku na kuacha taa ya chumbani inawaka? Kwa sababu gemu ilikuwa inakunyima. Ukichagua Chris una nafasi sita za kubebea vitu, ukichagua Jill una nane, na kila kitu kinakula nafasi, bastola nafasi, risasi nafasi, funguo nafasi, majani ya kijani ya kujitibu nafasi. Unataka kusevu? Lazima ufike kwenye taipraita na uwe na utepe wa wino, na utepe wenyewe unahesabika, ukiisha umeisha, na nao unakula nafasi kwenye mzigo. Kamera wameigandisha kwenye pembe ya chumba kwahiyo unasikia miguu inaburuzwa mbele yako na humuoni mwenye miguu. Zombi yupo koridoni, una risasi nne, unampiga au unampita pembeni? Ukimpiga umetumia risasi ambazo utazililia baadae, ukimpita utapita tena hapohapo ukiwa umeumia.

Nilicheza kwenye kibanda cha gemu mtaani, tunalipia kwa muda, na mwenye kibanda hakuwa na memori kadi, kwahiyo kila siku unaanza upya mlangoni. Karibu mwaka mzima sikuvuka mbali zaidi ya ile korido ambayo mbwa wanapasua dirisha wakiingia. Nilikuwa najua wanakuja, najua dirisha lipi, na bado pedi ya kuchezea ilikuwa inalowa jasho. Na wala sikuwa namuogopea Jill, Jill mwenyewe nilikuwa simuelewi anaongea nini. Nilikuwa naiogopea hela yangu.

Hapo ndo nasema gemu ilipo. Haipo kwenye koti la Leon. Ipo kwenye hali anayowekwa mtu: una kidogo, nyumba ni kubwa, na kila mlango unaoufungua umeufungua wewe. Sasa muvi ina tatizo lake la kuzaliwa, kwamba mtazamaji hana pedi. Aliyekaa kwenye kiti hachagui kumpiga wala kumkwepa, anachaguliwa. Kwahiyo kazi ya dairekta anayetoa gemu kuipeleka kwenye muvi ni kutafuta njia nyingine ya kumfanya yule wa kwenye kiti ahesabu, ajue kuna risasi ngapi, ajue mlango upi umefungwa na funguo iko wapi, ajue taa inakaribia kuisha, mpaka na yeye aanze kubana pumzi. Hiyo ni kazi ngumu. Kuchukua mtu ukamkata nywele kama za Leon ni kazi ya kinyozi.

Na historia ya hizi muvi inaonyesha wazi nani alichukua kipi. Ya 2002, ya Paul W. S. Anderson, iliyoletwa na wale Constantin Film wa Ujerumani, haikuwa na mhusika hata mmoja mkubwa wa gemu. Walimtunga Alice, akachezwa na Milla Jovovich, anaamka hajui yeye ni nani, anashushwa kwenye maabara ya chini ya ardhi, kompyuta imewafungia ndani. Mashabiki walilalamika sana, lakini leo ukiwauliza haohao ipi kati ya zile sita za Alice ilikuwa na hofu kidogo ya gemu, wengi watakuambia hiyohiyo ya kwanza isiyo na mtu wao. Ile korido ya miale inayokata watu vipandevipande ilikuwa imejaa kile kitu cha gemu kiasi kwamba Capcom wenyewe waliichukua wakaiweka kwenye Resident Evil 4 ya 2005, Leon anaruka sarakasi kukwepa miale. Yaani muvi isiyo na Leon ikamfundisha Leon kitu.

Afu zikaanza kuletwa sura. Jill akaja 2004, Claire na Wesker, yule mkubwa msaliti, wakaja 2007, Chris 2010, na 2012 wakaletwa Leon na wenzake wa gemu Ada na Barry kwa mpigo, mavazi yaleyale, nywele zilezile. Ile ya 2010 inayoitwa Afterlife ina pambano dhidi ya Wesker lililonakiliwa karibu kila pigo kutoka Resident Evil 5, hata miwani inarushwa vilevile. Na kwa jinsi walivyozidi kuingia watu wa gemu, gemu yenyewe ilizidi kutoka ndani ya muvi. Risasi hazikuisha tena. Hakuna aliyetafuta funguo. Mwisho kabisa ikaja ile ya 2021, Welcome to Raccoon City, ambayo ilitengenezwa makusudi kuwafurahisha walalamikaji: Leon yupo, Claire yupo, Chris, Jill, Wesker, kituo cha polisi kimejengwa kama cha kwenye gemu, jumba la Spencer, lile la porini, lipo, mpaka ule mgeuko wa kichwa wa zombi wa kwanza wameurudia. Wakabananisha gemu mbili ndani ya saa moja na dakika arobaini na kitu, kila mtu akapata dakika zake chache za kuonekana, na mashabiki hawakuipenda pia. Hiyo ndo ingetakiwa ifunge mjadala lakini haikufunga.

Kuna mfano mwingine wa hili ambao sisi wenye Kiswahili tunauona vizuri kuliko mtu wa Tokyo au Los Angeles, na sijui kwanini hatuutumii. Resident Evil 5 ya 2009 inafanyika Afrika, sehemu ya kubuni inayoitwa Kijuju, na wale watu walioharibiwa na vimelea wanaitwa Majini. Ndiyo, majini, neno letu, tena gemu yenyewe inaeleza kwamba ni Kiswahili na maana yake ni pepo wabaya. Na kelele wanazopiga wakati wanakukimbiza na mapanga ni Kiswahili. (Mtu ukimtajia hilo jina bila maelezo anaweza akadhani unaongelea samaki.) Kelele kubwa kuhusu hiyo gemu ilikuwa ya ubaguzi, mzungu na bunduki yake anapita kijijini akiwamwaga weusi, ilianza toka trela ya 2007 na ilikuwa na haki yake, sitaurudia huo mjadala. Ninachotaka mimi ni hilo neno. Mtu yeyote aliyekulia pwani anajua jini hapigwi risasi ya kichwa. Jini ana jina lake, ana asili yake, ana anachokitaka, ukimpandisha kichwani kwa mtu anaongea, mnaulizana, mnakubaliana, anafukiziwa udi, anaweza akaondoka au akakaa miaka akiwa mzuri tu ilimradi masharti yake yashikwe. Hofu ya jini ni hofu ya deni. Kwamba kuna kitu kinakudai na hujui kitalala lini. Capcom walichukua jina, wakaacha yote hayo, wakalibandika juu ya mtu mwenye panga anayekimbia. Kwa mchezaji wa Marekani ile lugha asiyoielewa labda ilimtisha, kwa mtu wa Tanga inakuwa kama mtu anapigizana kelele na konda. Jina lilikuja, kitu hakikuja. Na hilo kosa ndo lilelile ambalo mashabiki sasa wanamlazimisha Cregger alifanye kwa Leon, watake jina lije kwa gharama yoyote, wasiulize kama kitu kimekuja nalo.

Ila nisiwe mtu wa upande mmoja, maana wanaolalamika wana hoja na nyingine ni nzito. Nzito ya kwanza ni kwamba kelele za mashabiki zimewahi kuokoa muvi. Trela ya muvi ya Sonic, yule mnyama wa bluu wa gemu, ilipotoka 2019 na yale meno ya binadamu, watu walipiga kelele mpaka Paramount wakamchora upya, na muvi ilipotoka 2020 ilifanya vizuri, ikazaa nyingine. Mashabiki walikuwa sahihi kabisa. Lakini angalia Sonic ni gemu ya namna gani. Ni gemu ya Sonic. Ukimuondoa au ukimharibu yeye umeondoa gemu nzima. Vilevile gemu ya The Last of Us, HBO 2023 wasingeweza kuifanya tamthilia bila Joel na Ellie kwa sababu gemu yenyewe imejengwa juu ya mzee mmoja na binti mmoja na kile kinachoota kati yao, zile kuvu na yale mazombi ni mazingira tu. Kwahiyo swali la kuuliza siku zote ni hili gemu limesimama juu ya nini, na jibu linabadilika gemu kwa gemu. Resident Evil imesimama juu ya nyumba na mzigo mdogo mgongoni.

Nzito ya pili, na hii ndo ningeishikilia zaidi kama ningekuwa wao, ni Doom ya 2005, ile ya The Rock na Karl Urban. Kwenye gemu milango inafunguka sayari ya Mars na kuzimu inamwagika ndani ya kituo cha utafiti. Kwenye muvi wakaitoa kuzimu, wakaweka kromosomu ya ziada na sayansi ya vinasaba, mashetani wakawa wagonjwa. Waliwapa mashabiki ule mkato wa dakika kadhaa unaoonekana kwa macho ya mpiga bunduki kama kwenye gemu, kama pipi ya kumnyamazisha mtoto, lakini roho ya kitu ilishatolewa, na muvi ikaanguka. Hapa unaweza ukasema ona sasa, wakibadilisha wanaharibu. Kweli. Lakini walichokitoa ni nini? Yule askari wa Doom kwenye gemu hata jina hana! Hakuna aliyelia kuhusu mhusika, watu walilia kuhusu kuzimu. Kwahiyo Doom, ukiitazama vizuri, ni shahidi wa upande wangu.

Na wa juzijuzi ni Iron Lung. Gemu fupi ya 2022 iliyotengenezwa na David Szymanski, wewe ni mfungwa umefungiwa ndani ya kinyambizi kibovu, umezamishwa kwenye bahari ya damu, dirisha limezibwa kwa chuma, unaona nje kwa kupiga picha tu, picha moja moja. Markiplier, yule wa YouTube, akaiandika, akaiongoza, akaigiza mwenyewe, ikaingia kumbi za sinema Januari 2026. Upende usipende alichofanya, hakuna aliyesimama kuuliza mbona fulani hayumo. Watu waliuliza swali moja: kile kibanda cha chuma kipo, na dirisha bado limezibwa?

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndo inayorudiwa zaidi, ni ile ya pesa: kwamba bila Leon hakuna atakayenunua tiketi, Sony wanajichimbia kaburi. Hii haina miguu kabisa. Zile sita za Alice, mwanamke ambaye hayupo kwenye gemu, kwa ujumla ziliingiza zaidi ya dola bilioni 1 kumbi za dunia nzima. Ile ya kwanza ilitengenezwa kwa kama dola milioni 33 ikarudisha zaidi ya milioni 100, na ya mwisho ya 2016, iliyopigwa Afrika Kusini, ilivuka milioni 300, sehemu kubwa ikiwa China. Ile ya 2021 yenye watu wote mliowataka iliishia kama milioni 42. Ndiyo, kulikuwa na korona, nakubali, haki itendeke, lakini hata ukiitoa korona huwezi ukachukua hizo namba ukazigeuza zikasema sura za gemu ndo zinauza. Wanaokwenda sinema wikiendi ya kwanza nadhani wengi wao hawajawahi kumaliza hata gemu moja ya hii familia.

Kuna atakayenijibu kwamba Alice huyohuyo ndo ushahidi kuwa mtu mpya ni balaa, maana kaanza kama binti aliyepoteza kumbukumbu kaishia kuwa na nguvu za miujiza na jeshi la nakala zake mwenyewe. Jibu zuri, na hili ndo linaninyima usingizi kidogo. Ila kilichomuharibu Alice sio ugeni wake. Ni kwamba walimpa kila kitu. Mtu asiyepungukiwa chochote hawezi kuwa ndani ya Resident Evil hata kama jina lake ni Leon S. Kennedy na kitambulisho cha polisi anacho mfukoni. Na Capcom wenyewe wameshalipia ada ya hilo somo. Resident Evil 6 ya 2012 ilijaza kila mtu, Leon, Chris, Ada, Sherry, ikawa ngumi na mateke na milipuko dunia nzima, na ndo gemu ambayo mashabiki wenyewe wanaitaja kama siku familia ilipopotea njia. Wakakaa chini. Wakarudi 2017 na Resident Evil 7: mtu mmoja anaitwa Ethan Winters, hakuna anayemjua, hana mafunzo yoyote, hata sura yake hawakuonyeshi, anaingia kwenye nyumba mbovu ya familia moja huko Louisiana kumtafuta mke wake. Hakuna Leon, hakuna Jill, na Chris anajitokeza dakika za mwisho tu. Watu walilalamika vilevile kwamba hii sio Resident Evil. Walipoicheza wakakuta ndo Resident Evil kuliko zote za miaka kumi iliyopita, mpaka boksi la kutunzia vitu la gemu za zamani lilikuwepo.

Kwahiyo Cregger anaposema, na amesema, kwamba hadithi ya Leon ilishasimuliwa kwenye gemu na yeye anataka kusimulia ya kwake ndani ya dunia ileile, mtu mmoja anatoka sehemu moja kwenda nyingine na mambo yanazidi kuharibika njiani, mi nasikia Resident Evil 7. Jamaa anajieleza kama mchezaji wa siku nyingi wa hizi gemu, na ukiangalia Barbarian yake ya 2022, nusu ya kwanza ni mwanamke, nyumba ya kupanga, mlango wa chini na kamba, na anakufanya uhesabu hatua za ngazi. Leon tena ni tatizo kwa hadithi ya hofu kwa sababu rahisi tu, kila aliyecheza anajua yu hai mpaka leo, si yumo kwenye Requiem, gemu ya familia hiihii ya Februari 2026. Huwezi ukamuogopea mtu ambaye umeshamuona uzeeni.

Haimaanishi muvi itakuwa nzuri, sijaiona na sitaki kuiuza. Anaweza akaharibu. Ila akiharibu natamani tumlaumu kwa kosa lake, tusije tukampa mwenzake wa kesho somo la uongo kwamba angeweka koti la Leon mambo yangenyooka, maana studio zinasikiliza hizi kelele, na ile ya 2021 ndo ilikuwa jibu lao kwa kelele za mwaka fulani uliopita. Mimi siku nikienda sitatafuta nembo za STARS, kile kikosi cha polisi cha gemu ya kwanza, ukutani. Nitakaa nahesabu risasi. Ikifika nusu saa jamaa bado anapiga tu na mi sijui zimebaki ngapi, natoka nje kununua bisi.